Vuli ya Mwalimu: Uhakiki wa Daftari Moja la Bukoba

UTANGULIZI

Mwaka jana, katika semina ya fasihi linganishi, kulizuka ubishi ambao mpaka leo haujanitoka kichwani. Mwenzetu mmoja alikuwa anawasilisha tafsiri yake ya shairi la Kiingereza linalohusu msimu wa majani kugeuka rangi na kuanguka. Neno autumn alikuwa amelitafsiri kwa neno vuli. Akasimama wa pili, akapinga: vuli gani hiyo yenye majani makavu? Vuli ni mvua bwana! Wa tatu akasema tatizo si neno, tatizo ni shairi lenyewe; eti mtoto wa Newala au wa Bukoba hana haja yoyote ya kusomeshwa misimu ya Ulaya. Tukabishana mpaka muda ukaisha. Mimi nilitoka sijasema kitu, ingawa la kusema nilikuwa nalo. Makala haya ndiyo hayo niliyoshindwa kuyasema siku ile.

Nakusudia kuhakiki maandishi ambayo hayajachapishwa popote. Ni daftari la mwalimu aliyenifundisha Kiswahili pamoja na fasihi ya Kiingereza nilipokuwa kidato cha tano na cha sita mjini Bukoba. Jina lake silitaji, kwani hilo ndilo sharti alilonipa aliponiazima. Katika daftari hilo, mwalimu ameandika tafakuri zake kuhusu kufika kwa vuli, mwaka baada ya mwaka.

Najua wapo watakaouliza: tangu lini daftari la mwalimu wa sekondari likafanyiwa uhakiki? Nawakumbusha kwamba M. M. Mulokozi, mtafiti na mshairi wa kwetu huko Kagera, aliwafuata wapiga enanga wa Kihaya, akazirekodi tendi zao na kuziandikia tasnifu ya uzamivu mwaka 1986. Ikiwa utendi uliokaa mdomoni mwa mpiga enanga ulistahili kuhakikiwa, basi na daftari lililoandikwa kwa kalamu ya wino haliwezi kukosa haki hiyo. Kigezo ni kama kazi ina jambo la kusema na namna ya kulisema. Mahali ilipochapiwa ni suala la baadaye.

DAFTARI LENYEWE

Ni kaunta buku lenye jalada gumu jeusi, lililochakaa pembeni. Kwa utaratibu aliojiwekea, mwalimu huandika siku ile ambayo mvua ya kwanza ya vuli inanyesha na kumkuta kazini. Kwa hiyo tarehe hazifanani. Miaka mingine ni katikati ya Septemba, mingine Oktoba imekwisha ingia. Tafakuri ya kwanza ni ya mwaka 2006 na ya mwisho niliyoisoma ni ya 2023. Ndefu kuliko zote ina kurasa nne, fupi kuliko zote haifiki hata nusu ukurasa. Baadhi alitusomea darasani, akiwa amesimama dirishani huku mvua inapiga bati kiasi kwamba waliokaa nyuma hawakusikia chochote.

Chanzo chake anakieleza mwenyewe katika tafakuri ya kwanza. Alikuwa anafundisha kidato cha pili majina ya misimu kwa Kiingereza. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hiyo ya tatu kwetu inafika lini?" Akamjibu haraka haraka kwamba kwetu hiyo ndiyo vuli. Jioni mvua ikanyesha. Akiwa anarudi nyumbani aliwakuta akina mama wanapanda maharage katikati ya migomba, ndipo alipoona kuwa amemdanganya yule mtoto. Anaandika: "Nimemwambia mtoto kwamba kuzikwa na kupandwa ni kitu kimoja, kwa kuwa vyote viwili vinahitaji jembe."

Sentensi hiyo moja ndiyo mbegu ya daftari zima.

TATIZO LA NENO

Hebu tuanze na neno, maana hata semina yetu ilianzia hapo.

Kule Ulaya ya kaskazini msimu ule hufika Septemba na kuishia Novemba. Sababu yake ni mwinamo wa dunia. Mchana wa London katikati ya mwaka huwa na zaidi ya saa 16, lakini ikifika Desemba haufiki saa 8. Mti unaona mwanga unapungua na baridi inakuja, unaacha kutengeneza ukijani, rangi ya njano iliyokuwa imejificha inatokea, kisha jani linaachwa lianguke. Bukoba iko kiasi cha digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima kwetu haifiki dakika 10. Mgomba hauna cha kuambiwa na jua. Kinachobadilisha mwaka wetu ni mvua: masika ya Machi hadi Mei, kisha kiangazi ambacho Wahaya huita ekyanda, kisha mvua za vuli kuanzia Septemba hadi Desemba.

Kwa hiyo miezi inalingana lakini maana inapishana. Oktoba ya Mwingereza inatoa chakula shambani, Oktoba ya Muhaya inakiingiza. Anayeandika "vuli" mahali pa autumn ametafsiri kalenda, lakini hali ya moyo imebaki kule kule. Mpaka hapa mwalimu anakubaliana na yule mwenzetu wa pili.

Lakini mwalimu haishii hapo, na hapa ndipo anapotuzidi sisi wanasemina wote. Katika tafakuri ya 2009 anauliza: na hilo neno vuli, lenyewe ni la kwetu? Anaeleza kwamba majina haya ya majira, yaani masika, kipupwe, demani na vuli, yametoka pwani, na kule hayatenganishwi na pepo mbili, kaskazi na kusi. Mpwani alihesabu mwaka wake kwa upepo uliojaza tanga la jahazi. Sisi wa ziwani hatukuhesabu hivyo. Kwa Wahaya wa zamani ziwa na tufani zake vilikuwa na mwenyewe, naye ni Mugasha, ambaye hata enanga inamwimba. Vuli ililetwa Bukoba pamoja na shule na redio, kama autumn ilivyoletwa na kitabu cha Kiingereza. Ila vuli ilikuta mvua inanyesha, ikapata pa kukaa.

Hoja hii inamwondolea silaha yule mwenzetu wa tatu, aliyetaka misimu ya kigeni ifutwe. Ugeni wa neno peke yake si hoja. Kama tungefukuza kila kilichotoka nje, tungeanza na vuli yenyewe. Swali la haki ni hili: neno likifika, linakuta nini?

JANI LA NJANO

Maudhui makuu ya daftari yamo katika tafakuri ya mwaka 2007, na ndiyo iliyonifanya niombe kuliazima.

Mwaka huo mwalimu alikuwa akifundisha soneti ya 73 ya Shakespeare, iliyochapwa mwaka 1609. Katika soneti hiyo msemaji anaufananisha uzee wake na wakati wa mwaka ambapo majani ya njano, au machache tu, yamebaki matawini. Mwalimu akatoa zoezi: elezeni majani ya njano yanaashiria nini. Kitabu cha mwongozo kilikuwa na jibu moja, nalo ni uzee unaokaribia kifo. Mwanafunzi mmoja kutoka Muleba akaandika kwamba majani ya njano yanaashiria ugonjwa, kwamba mwenye shamba amechelewa kukagua, na kwamba mti huo ukatwe upesi na panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mti mwingine. Mwalimu akampa sifuri. Pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu: "Hujasoma shairi."

Ndugu msomaji ambaye hutoki kwetu, naomba nikueleze. Mnamo mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa Kagera, na Muleba ndiko ulikoanza kuonekana. Mgomba ukishikwa, majani hugeuka njano na kunyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi huiva kabla ya wakati na ukizikata ndani zimeoza. Dawa ya kunyunyizia haipo. Inabidi kung'oa, kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na kusafisha vifaa kwa moto au dawa ya madoa. Kwa Muhaya kibanja si shamba la kawaida. Nyumba imo ndani ya migomba, makaburi ya wazee yamo ndani ya migomba, chakula kinatoka hapo, pombe ya kutolea mahari inatoka hapo. Jani la njano mwaka ule lilikuwa barua ya kufukuzwa.

Mwalimu alikuja kujua baadaye kwamba kwao yule kijana kibanja kizima kilikuwa kimeng'olewa, na kwamba alishaacha shule. Mwalimu anaandika: "Nilimwambia hajasoma shairi. Kumbe alikuwa mtu pekee darasani aliyelisoma akiwa na hofu." Hamalizi kwa kujitetea, wala haombi msamaha kwa maneno matamu. Anaeleza tu kwamba vuli ya mwaka ule ilipofika, mvua zilizopaswa kuwa furaha zilimkuta anahesabu mashina yaliyokatwa kandokando ya njia toka kwake hadi shuleni.

Sasa basi, mhakiki afanye nini na jibu la kijana yule? Wenzangu wengi niliowasimulia wamesema jibu lilikuwa sahihi, kwa kuwa kila msomaji ana maana yake. Mimi sikubaliani nao. Shairi la Shakespeare halizungumzii ugonjwa. Linazungumzia mtu anayeuona mwisho wake ukija kwa utaratibu wa kawaida, ambao hakuna panga wala moto wa kuuzuia, naye anaomba apendwe zaidi kwa sababu hiyo. Ukisema ni ugonjwa, umeingiza tumaini la tiba mahali ambapo shairi halina. Utaratibu ule wa asili ukiondoka, shairi linakufa.

Vile vile sikubaliani na sifuri. Mwongozo uliosema "uzee" ulimpa mwanafunzi tokeo bila njia. Haukumweleza kwamba kuna nchi ambazo jani huwa njano bila kuugua, kila mwaka, na mti ukabaki mzima. Bila maelezo hayo, jibu la kijana lilikuwa na mantiki kuliko la wale waliokariri. Waliokariri walipata alama kwa taswira ambayo hawakuiona, na yeye akanyimwa kwa taswira aliyoiona sana. Kama ningesahihisha mimi, ningempa 6 kwa 10, na pembeni ningeandika: kwa mshairi huyu mti hauumwi, ila una zamu yake, anza tena kutokea hapo. Alama nne zilizobaki ni za safari ambayo mwalimu alipaswa kumsindikiza.

Nafikiri hili ndilo linalotuhusu sisi wanafunzi wa fasihi kuliko jambo jingine lolote humu daftarini. Tumezoea kusema taswira "inaeleweka" au "haieleweki". Lakini taswira ngeni ina hatari kubwa zaidi ya kutoeleweka: inaweza kueleweka vibaya kwa uhakika kabisa, kwa sababu tayari unayo ya kwako yenye sura ile ile.

VULI YA 2016

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba yakaanguka au kupasuka, na shule kongwe kama Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Mimi nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka zaidi ule usiku wa kulala nje, kuogopa kuta za nyumba yetu wenyewe.

Vuli haikusubiri watu wajenge. Tafakuri ya mwaka ule ndiyo fupi kuliko zote. Ina sentensi tano tu. Haina methali, haina tashbiha, haina hata jina la Shakespeare wala la mwandishi mwingine yeyote. Anataja turubai, anataja maji yaliyojikusanya juu yake, anataja wanafunzi wawili wanaoyasukuma kwa fimbo ya ufagio yasiwamwagikie wenzao, anasema somo la siku lilikuwa vitenzi, na anasema mvua imenyesha. Basi.

Kwa maoni yangu huo ndio ukurasa bora wa daftari. Miaka mingine mwalimu hufanya kazi nyingi ya kutuambia vuli ina maana gani. Mwaka huo anaacha vuli ifanye kazi yake. Methali aipendayo, dalili ya mvua ni mawingu, inayojirudia karibu kila mwaka mpaka inachosha, mwaka huo haipo. Nadhani kwa sababu kuna msiba usiotanguliwa na wingu. Kukosekana kwa kitu ulichozoea kukiona ni mbinu pia ya kifani, hata kama mwandishi hakuipanga.

FANI KWA UJUMLA

Lugha ya daftari ni Kiswahili cha mwalimu wa kawaida. Ni sanifu anapofikiri, na cha mitaani anapokasirika. Maneno ya Kihaya yamo pale tu ambapo Kiswahili hakifiki, kama kibanja na rweya, ile mbuga ya nyasi nje ya migomba ambako hukatwa nyasi za kutandaza shambani. Hafafanui maneno hayo kwa sababu hakuwa anamwandikia mgeni. Mimi naona ni sahihi.

Nafsi anayoitumia inavutia. Huanza na "mimi", lakini mvua ikishanyesha hugeuka "sisi" pasipo kutoa taarifa. Mwanzoni nilidhani ni kutojali sarufi. Niliporudia kusoma niliona kwamba mabadiliko hayo hutokea pale pale kila mwaka, katika sentensi inayofuata kutajwa kwa mvua. Ni kama mtu aliyekuwa anatembea peke yake akakimbilia barazani na kukuta wengine wamejikinga.

Taswira iliyonishangaza zaidi imo katika tafakuri ya 2012, aliposafiri kwa basi kuelekea Tabora mwishoni mwa Septemba. Kuanzia upande wa Biharamulo alipita katika misitu ya miombo. Ilikuwa imegeuka nyekundu na rangi ya shaba, mlima baada ya mlima. Akadhani hatimaye ameiona ile autumn ya vitabuni. Dereva msaidizi akamwambia: hayo ni majani machanga Mwalimu, miti inajiandaa na mvua. Na ni kweli. Miombo hupukutisha majani wakati wa ukavu, kisha huchipuza majani mapya mekundu wiki kadhaa kabla ya mvua kufika. Rangi ile ile ambayo Ulaya ni ya kuaga, kwetu ni ya kuzaliwa. Kama mwenzetu wa semina angeijua miombo, angejua pia kwamba hata kuanguka kwa majani si jambo geni nchini mwetu. Liko, ila limekaa kiangazi, na sababu yake ni ukosefu wa maji badala ya ukosefu wa mwanga.

KASORO

Uhakiki usio na kasoro ni sifa za harusini, na mimi sitaki kumfanyia mwalimu wangu hivyo.

Kasoro ya kwanza ni kwamba anaitendea autumn kama kwamba ni kifo na si kitu kingine. Soneti ya Shakespeare ndiyo imemtawala. Lakini shairi la John Keats kuhusu msimu huo huo, alilolitunga Winchester Septemba 1819, limejaa matunda yanayokomaa, nyuki wanaodhani joto halitakwisha, na watu wanaovuna. Waingereza wenyewe zamani waliuita msimu huo kwa neno lile lile la mavuno. Kwa hiyo upinzani wa "kwao kifo, kwetu uhai" ni mwepesi mno. Ulio wa kweli zaidi ni huu: kwao ni kumalizia, kwetu ni kuanzia, na pande zote mbili mtu yuko shambani na mgongo unamuuma. Katika daftari zima mwalimu anamtaja Keats mara moja tu, kwa kupita. Nadhani angemsoma vizuri angepata mshirika.

Kasoro ya pili inahusu wanawake. Kumbuka daftari lilianza kwa akina mama wanaopanda maharage. Baada ya hapo wanatoweka. Vuli inakuwa mvua, ziwa, darasa, na mawazo ya mwanamume mmoja dirishani. Mfano mzuri ni tafakuri ya 2014 kuhusu senene. Sote tuliozaliwa kule tunajua kwamba Novemba ikifika, usiku wa mvua, senene hushuka kwa wingi wakifuata mwanga wa taa, na mji mzima haulali. Hata majirani zetu Waganda mwezi wa Novemba wameuita Museenene. Mwalimu anaandika kwa furaha kubwa, anasikika hata harufu ya kikaango. Anasema senene ndio jani letu linaloanguka, ila hili linaanguka mdomoni. Nilicheka nilipoisoma.

Kisha nikamkumbuka bibi yangu. Alinisimulia kwamba enzi za usichana wake wanawake ndio waliokusanya senene alfajiri kwenye nyasi, wakanyonyoa mabawa na miguu, wakakaanga, wakampelekea mume. Na wao kula ilikuwa mwiko. Siku hizi mwiko huo umekufa, bibi mwenyewe anawala tena kwa kasi. Lakini furaha ya msimu aliyoieleza mwalimu ilikuwa na mgawanyo wake, na yeye amelila jani bila kuuliza nani aliliokota. Mwandishi aliyejifunza kwa uchungu kwamba msomaji mmoja anaweza kuona ugonjwa pale wengine wanapoona uzee, alipaswa kukumbuka pia kwamba vuli moja haiwafikii watu wote sawasawa.

Kasoro ya tatu ni ndogo. Tafakuri za 2018 mpaka 2021 zinarudia mambo yale yale. Mtu akiandika jambo moja kila mwaka lazima itafika mahali achoke. Pengine na mvua nayo humchosha. Mji wa Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, si mchezo.

TUFANYE NINI NA MISIMU YA WENGINE?

Kila swali hili linapozuka hapa chuoni, atatokea mtu wa kutaja Nairobi. Ni kweli kwamba Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Lakini wanaoutaja waraka huo mara nyingi wanausimulia nusu. Watu wale hawakudai vitabu vya Ulaya vichomwe. Walidai Afrika iwe katikati, na fasihi nyingine zisomwe kwa kuanzia hapo, kwa jinsi zinavyotuhusu. Hiyo ni kuhamisha kiti cha msomaji, wala si kufunga dirisha.

Daftari la mwalimu wangu linafanya hivyo hasa, bila kelele. Yeye hakuacha kufundisha soneti ile. Alipotufundisha sisi mwaka 2022, alianza kwa kutupeleka nje, kwenye migomba iliyo nyuma ya bwalo. Akatuuliza: mkiona jani la njano hapa, mnafanya nini? Tukajibu wote kwa sauti moja: tunakata. Akasema: vizuri, sasa fikirini nchi ambako likiwa njano watu huketi na kulitazama. Tukarudi darasani, tukalisoma shairi. Sijawahi kulielewa shairi la Kiingereza kama siku ile, na wakati ule sikujua kwamba somo hilo lilimgharimu mwanafunzi mwingine miaka 15 kabla yangu.

Kuhusu tafsiri, msimamo wangu sasa ni huu. Mfasiri asiweke vuli mahali ambapo shairi linategemea majani yanayokufa. Aandike kupukutika, aandike majira ya majani kuanguka, hata kama mizani itamsumbua. Vuli aiachie mvua. Lakini palipo na mavuno, ukungu wa asubuhi na kazi ya shamba, anaweza kujaribu maneno ya kwetu bila woga, mradi ajue anachopoteza na awe tayari kukieleza.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kwamba daftari hili lina dhamira moja nzito: kwamba kufundisha taswira ni kuwajibika kwa kile ambacho mwanafunzi tayari amekiona. Nimeonyesha pia kwamba fani yake ina nguvu zaidi pale mwandishi anaposema machache, na kwamba amewasahau wanawake alioanza nao safari.

Nilipomrudishia mwalimu daftari lake wakati wa likizo, nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza kasoro zote tatu uso kwa uso, maana kwetu si vizuri kumsema mkubwa gazetini kabla hujamsema mbele yake. Ya Keats alikubali. Ya bibi alinyamaza, akaniuliza kama bibi bado yu hai, nikamwambia yupo. Kuhusu ile alama ya 2007 aliniambia kwamba hajawahi kumpata yule kijana, ingawa amewahi kuulizia Muleba mara mbili.

Wapo walimu wengi wenye makaunta buku ya namna hii, na wengine hustaafu yakaishia kuwashia jiko. Nawaomba wenzangu, mkienda likizo au mazoezi ya kufundisha, ulizeni. Na wale mtakaosema kijana alistahili 10, au sifuri, kurasa hizi ziko wazi. Leteni hoja zenu.